Pindo la Kanga ya Bibi

Bibi alishuka kwenye basi la Lushoto Ijumaa jioni, Juni 2025, akiwa na kikapu cha matunda, mfuko wa maharage mapya na shilingi laki moja na elfu sabini zilizofungwa kwenye pindo la kanga. Hesabu hiyo naijua kwa sababu usiku ule alilifungua fundo mbele yangu, akanihesabia noti moja moja. Tarakimu alikuwa hawezi kuzisoma. Jicho la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, la kushoto liliona ukungu. Noti anazipima kwa vidole: huilaza kiganjani, akausikilizia urefu wake, kisha akaitaja. "Hii ya tembo. Hii ya simba. Hii ya Mwalimu." Hakukosea hata moja.

Ilikuwa hela ya kabichi na maharage, aliyoitia kwenye kibubu tangu Machi ili aje Dar es Salaam kutibiwa macho. Ni mama mzazi wa mume wangu, nami namwita Mama. Wanangu ndio wanaomwita Bibi, na jina hilo limemkaa nyumba nzima.

"Mama," nilimwambia, "kwa nini hukumpa mjukuu akakutumia kwa simu? Njiani kuna wezi."

"Mwanangu, hela iliyo kwenye pindo naijua ilipo."

Sikubishana naye. Moyoni niliona ni mazoea ya wazee, na kwamba akikaa nasi wiki mbili tatu atayaacha.

Nyumbani kwetu Tabata noti zilikuwa zimekwisha kabisa. Maji, umeme, ada, nyama, vocha, sadaka ya Jumapili ya jirani aliyetualika kwenye harambee, vyote vilitoka kwenye simu. Mimi na mume wangu tuna duka dogo la vifaa vya shule, mwendo wa dakika tano kutoka nyumbani, na mlangoni mwake tangu Januari 2024 kulikuwa na karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu: HATUPOKEI FEDHA TASLIMU. LIPA KWA SIMU TU. Sababu zilikuwepo. Desemba iliyotangulia kijana wetu wa mauzo aliondoka na mauzo ya siku tatu. Kabla yake, mume wangu alinyang'anywa mfuko usiku akitoka kufunga duka, akarudi nyumbani na jeraha juu ya nyusi. Karatasi ile niliibandika kwa uchungu, na ilinipa usingizi.

Nayasema haya mapema ili msomaji ajue natoka upande gani. Jambo la duka kukataa noti nimelifanya mwenyewe, nikiwa na akili timamu na sababu nzuri. Ndiyo maana yaliyotupata kesho yake siwezi kuyasimulia kama makosa ya watu wengine.

Jumamosi

Mume wangu aliondoka alfajiri kwa basi la Mbeya, kwenye msiba. Dada anayetusaidia kazi alikuwa kwao Singida kwa likizo. Duka tulilifunga, shule zilikuwa mapumzikoni. Nyumbani tulibaki mimi, Bibi, kijana wetu wa miaka kumi na mdogo wake wa miaka minne.

Saa nne asubuhi nilinunua umeme, nikaiacha simu juu ya meza bila kuifunga, nikatoka kuanika nguo. Mdogo aliichukua. Anaiona kila siku mikononi mwangu, na picha ya kubonyeza anaijua. Programu ya malipo ikafunguka, kibao cha tarakimu kikajitokeza, naye akabonyeza nne kama anionavyo mimi. Akarudia. Akarudia tena. Niliporudi na beseni tupu nilikuta ujumbe kwamba namba ya siri imekosewa mara tatu na akaunti imefungwa.

Nilipiga huduma kwa wateja, nikasikiliza muziki kwa dakika kumi na saba. Binti aliyepokea alikuwa na adabu. Aliniuliza namba ya kitambulisho cha taifa, nikaitaja. Akauliza muamala wa mwisho, nikautaja. Akauliza salio kamili, hapo nikakwama. "Mama, kwa usalama wa fedha zako itabidi ufike kwenye duka letu na kitambulisho." Duka la karibu hufungwa saa saba Jumamosi. Daladala ilikaa kwenye foleni, nikafika saa saba na robo, mlango wa chuma umeshateremshwa.

Niliporudi nilimkuta Bibi amesimama jikoni, ameshika mfuniko wa sufuria. "Moto umezima wenyewe," alisema. Gesi ilikuwa imeisha. Maharage aliyotuletea, aliyoyaloweka usiku, yalikuwa yamechemka nusu.

Mtungi mdogo wa gesi pale mtaani kwetu ulikuwa elfu ishirini na tano. Kwenye simu yangu zilikuwamo zaidi ya laki nne, na sikuweza kuzigusa. Nilimpigia mume wangu, hapatikani. Jirani wa ukuta mmoja alikuwa harusini Bagamoyo. Bibi alijifunga kanga ya pili, akasema, "Twende, hela si ninayo?"

Kijana wa duka la gesi alimwamkia vizuri. "Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe mtungi. Hela hii hapa."

"Samahani Bibi, hapa hatushiki hela. Bosi kakataza. Namba ya kulipia hiyo hapo ukutani."

Bibi aliinua uso kuelekea ukutani, ingawa najua hakuona kitu. Akaipapasa noti ya juu, akaigeuza upande wa pili, akaipapasa tena, kama mtu anayetafuta palipochanika.

"Hela yangu imekosa nini?"

"Haijakosa kitu, Bibi. Ni utaratibu tu."

Maneno hayo nilikuwa nimewaambia wateja mara nyingi. Kwa sauti ileile ya upole, hata. Mama mmoja muuza mboga alikuja kwetu Januari na sarafu kwenye kitambaa, anataka madaftari manne, nikamwambia ni utaratibu, akafunga kitambaa chake akaondoka. Sikumfikiria tena mpaka Jumamosi ile, niliposimama nyuma ya mama mkwe wangu nikimwona anakunja noti zake.

Tulipita dukani kwa Mangi. Yeye hupokea chochote, noti, sarafu, simu, na daftari la mkopo kwa anaowajua. Alitupimia mkaa wa elfu mbili, akarudisha chenji, akamwuliza Bibi habari za Lushoto. Jiko la mkaa ambalo halikuwashwa tangu mwaka uliopita nililitoa stoo, nikaliweka uani karibu na mlango wa nyuma.

Jioni

Saa kumi na mbili maharage yalikuwa yameiva, Bibi ametia nazi. Mdogo alitoka ndani mbio akimkimbiza paka. Sikuona alivyojikwaa. Nilisikia sufuria ikigonga sakafu, kisha ukelele ambao mpaka leo ukinijia usiku naamka.

Mchuzi ulimmwagikia mguu wa kushoto, kuanzia kifundo hadi vidole. Nilimbeba nikamweka chini ya bomba. Kaka yake alikuja mbio na dawa ya meno, kwa kuwa ndivyo alivyosikia kwa wenzake, nilimwambia airudishe. Maji yalitoka kidogo, kwa hiyo Bibi alichukua kopo akawa anachota kwenye pipa na kumiminia, polepole, bila kusimama, huku midomo yake ikivuta uradi. Dakika ishirini nzima. Mkono wake haukutetemeka. Ngozi ya juu ya mguu ilikuwa imeanza kuinuka lengelenge.

Dereva wa bajaji alitutajia elfu nne. Bibi akamlipa kwa noti mbili za simba kabla hatujaketi, naye akatuwahisha.

Zahanati ile siitaji jina, maana nimeshaona nyingine nyingi za namna yake. Ni safi, ina feni, ina viti vya chuma vilivyopangwa. Binti wa mapokezi alimwona mtoto anavyolia, akaandika haraka. "Kufungua faili na kumwona daktari, elfu kumi na tano. Kusafisha na kufunga kidonda, elfu thelathini. Mnalipa kwa simu au kadi?"

Bibi alifungua fundo. Alitoa noti nne za tembo na moja ya faru, akazipanga juu ya meza kwa kuzigusa pembe.

"Bibi, hatupokei keshi."

Nilimweleza. Simu yangu imefungwa, kitambulisho ninacho, fedha hizo hapo, mtoto huyu hapa. Alinisikiliza, na uso wake ulionyesha kwamba anaumia. "Mama, sina hata droo. Nikizipokea nitaziweka wapi? Mfumo haumfungulii mgonjwa faili mpaka malipo yaonekane. Na aliyekuwa hapa kabla yangu alifukuzwa kwa upotevu." Muuguzi mmoja alitoka ndani, akauona mguu, akaufunika kwa kitambaa safi chenye maji bila kumwuliza mtu. Mungu amlipe. Lakini daktari alikuwa nyuma ya mlango, na mlango ulikuwa nyuma ya muamala.

Nilimwacha Bibi na mtoto, nikakimbia nje kwa wakala. Nilitaka nimpe elfu arobaini na tano aziingize kwenye namba ya zahanati. Akanionyesha simu yake: floti imeisha. Anayempa wakala noti hupewa salio la wakala mwenyewe, na salio likimalizika, hata ungekuwa na gunia la noti huna pa kupitia. Laini ya Bibi nayo haikufaa kitu. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipokuwa unafikia mwisho, Januari 2020, alipanga foleni siku mbili, mashine isimsome. Miaka sitini ya jembe imezifuta alama zake. Laini anayoitumia imesajiliwa kwa vidole vya mjukuu, na huduma ya fedha hana.

Niliporudi nilimkuta Bibi amesimama katikati ya ukumbi. Mtoto amemlaza begani. Mkono mmoja ameuinua, noti zimefunguka kama karata, na anawaambia watu waliokaa kwenye viti, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wanangu, nani anichukulie hela hii anilipie kwa simu?"

Kuna kimya kilichopita hapo ambacho sitakisahau. Mama yule hajapata kuomba. Alizika mume, akasomesha watoto sita kwa kabichi, na kila Idi hutuma mzigo kwetu, sisi tulio mjini. Sasa amesimama mbele ya wageni na fedha halali mkononi, akiomba apokelewe.

Kijana mmoja aliyekuwa anasubiri dawa za baba yake aliinuka. "Leta, Bibi." Akabonyeza, akasoma jina la zahanati kwa sauti ili sote tusikie, akamalizia namba ya siri. Mashine ya mapokezi ikalia. Bibi akampa zile noti tano, akaongeza elfu mbili. "Na ya kutolea."

Kijana akairudisha ile elfu mbili. "Hapana Bibi. Nauli ya daladala kesho konda anataka keshi. Wewe ndiye umenisaidia."

Tuliingia kwa daktari zaidi ya nusu saa baada ya kufika. Alitusifu kwa yale maji. Alisafisha, akafunga, akatupa dawa na tarehe za kurudi. Kovu limebaki dogo, juu ya kidole gumba cha mguu. Tulikuwa na bahati, na bahati hiyo ilitegemea mtu tusiyemjua kuwa na salio na moyo.

Usiku

Kwenye bajaji ya kurudi Bibi alikaa kimya mpaka karibu na nyumbani. Kisha akasema, "Kumbe hela yangu mpaka ipite kwenye mkono wa mtu ndiyo iwe hela."

Sentensi hiyo imekaa nami tangu siku ile, na kwangu ndiyo kiini cha suala zima. Malipo ya simu ni fedha ambayo kila inapotoka inaomba ruhusa: kwa kampuni, kwa mtandao, kwa betri, kwa kitambulisho, kwa alama ya kidole. Ruhusa hizo kwa kawaida hupatikana kwa sekunde chache, na kwa sababu hiyo tunasahau kwamba zipo. Noti haiombi. Inatoka mkononi, inaingia mkononi, deni limekwisha. Mtu ambaye kwa sababu yoyote ile amenyimwa ruhusa mojawapo hubaki na noti tu, na duka linaloikataa noti linamkataa mtu huyo.

Siisemi simu vibaya. Kabla huduma hizi hazijafika kwetu mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, hela ya kumtumia Bibi tuliifunga kwenye bahasha tukamkabidhi kondakta wa basi, kisha tukakaa siku mbili tukimwomba Mungu. Leo anaipata kupitia kwa mjukuu kabla chai haijapoa. Hakuna mtu mwenye ndugu kijijini atakayetaka kurudi kwenye bahasha.

Wala sisemi noti haina maradhi. Mwaka huohuo wa 2025, kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, Benki Kuu ilizikusanya noti za zamani, zikiwemo za shilingi mia tano za mwaka 2010, na baada ya hapo hazikuwa tena fedha halali. Mume wangu alipanda Lushoto Machi kumsaidia mama yake kupekua kila kibubu na kila mkoba, wakabadilisha elfu kumi na nane na mia tano. Wangechelewa mwezi mmoja zingekuwa karatasi. Noti huungua, hutafunwa na panya, huibwa na kijana wa mauzo. Hayo nayajua kwa gharama yangu.

Lakini kila mara njia ya simu ilipotikisika, noti ndiyo iliyotushika. Julai 2021 serikali ilipoanzisha tozo za miamala, kuanzia shilingi kumi hadi elfu kumi kwa muamala kulingana na kiasi, sisi hapa nyumbani tulirudi kwenye noti wiki ileile, na Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Tuliweza kurudi kwa sababu maduka yalikuwa bado yanapokea. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ilisuasua kwa siku kadhaa nchini kwetu na kwa majirani. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya duka kubwa, mashine ya kadi inazunguka tu, na waliotoka na vikapu vyao ni wenye noti. Kenya, Julai 2023, mfumo wa eCitizen uliposhambuliwa kwa njia ya mtandao, abiria wa treni ya Nairobi na Mombasa waliambiwa wanunue tiketi kwa fedha taslimu kituoni. Noti ikishaondolewa kwenye droo zote, siku kama hizo tutarudi wapi?

Usiku ule mume wangu alipopatikana, tuliongea mpaka saa sita. Alilia, nami nikalia. Kisha alinikumbusha karatasi ya mlangoni. Sikuwa nimemtajia.

Yale tunayodai

Wifi yangu anaishi Oslo, Norway, na alipopata habari za mguu wa mtoto alituma sauti ndefu. Alisema kwao kuanzia Oktoba 1, 2024 sheria imeimarishwa: mwenye duka lenye mhudumu, anayepokea malipo ya kadi au simu, lazima apokee na fedha taslimu, kwa malipo yasiyozidi kroni 20,000. Mashine zisizo na mtu hazikuguswa. Hii ni nchi ambayo watu wake karibu wote hulipa kwa kadi na simu, na imeona hatari ya kubaki na njia moja. Majirani zao Sweden, katika kijitabu cha tahadhari walichowapelekea wananchi Novemba 2024, waliwashauri wawe na fedha taslimu za kutosha angalau wiki moja. Marekani haina sheria ya taifa zima, lakini jiji la Philadelphia lilizuia maduka kukataa noti kuanzia Julai 2019, na New York ikafuata mwaka 2020, kwa hoja ambayo Bibi angeielewa bila mkalimani: asiye na akaunti naye ana haki ya kununua mkate.

Kwetu Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 inazitambua noti kuwa fedha halali kwa malipo. Wengi wetu tunadhani hilo limemaliza mjadala. Lakini uhalali wa noti, kama unavyoeleweka katika nchi nyingi, ni wa kulipa deni ambalo tayari lipo. Mwenye duka anayetangaza mlangoni namna anavyotaka kulipwa anaweza kusema kwamba deni halijazaliwa. Kati ya neno "halali" na mlango wa duka kuna ufa, na Bibi alitumbukia humo.

Ufa huo unazibika. Machi 2025 serikali ilitoa kanuni za kuzuia bei na malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, ili shilingi iheshimiwe nyumbani kwake. Nilifurahi kama Mtanzania. Ila kama tumeweza kumwambia mwenye hoteli kwamba dola isiisukume shilingi kando, tunaweza pia kumwambia mwenye zahanati kwamba shilingi ya simu isiisukume kando shilingi ya karatasi. Zote mbili ni shilingi yetu.

Ninachodai si kila kibanda, kila saa, kila kiasi. Nadai kwamba penye mhudumu anayeuza au kutoa kitu ambacho mtu hawezi kulala bila yake, yaani tiba, dawa, chakula, nishati ya kupikia, maji, usafiri, vifaa vya shule, noti isikataliwe. Kiwekwe kikomo, ili asije mtu na gunia la mamilioni. Mwenye duka asilazimishwe kuvunja noti ya elfu kumi kwa kiberiti cha mia. Hatari ya ujambazi usiku izingatiwe. Denmark, ambayo huyalazimisha maduka kupokea noti, imeyaruhusu yaliyo kwenye maeneo ya hatari kuzikataa nyakati za usiku. Na kwa kuwa kushika noti kuna gharama, wakala na benki warahisishe kuziweka kwa wafanyabiashara wadogo. Mzigo huu usibebwe na mwenye duka peke yake.

Mwenzangu mfanyabiashara ataniambia: mbona wewe uliibiwa? Niliibiwa, kweli. Nimekaa nikaifikiria ile hasara ya Desemba bila hasira, nikaona niliyemwadhibu si aliyeiba. Yeye alishaondoka. Adhabu niliibandika mlangoni, ikampata mama wa mboga mwenye sarafu kwenye kitambaa.

Duka

Jumatatu nilikwenda kwenye duka la kampuni ya simu na kitambulisho, namba ya siri ikafunguliwa kwa dakika sita. Kutoka hapo nilikwenda dukani kwetu. Karatasi ilikuwa imeshikwa kwa gundi pembe zote, ikatoka vipande vipande, na mwanangu mkubwa alimalizia kwa kukwangua kwa rula.

Tumenunua kisanduku cha chuma chenye kufuli. Kila asubuhi ndani yake huwekwa chenji ya elfu ishirini, sarafu na noti ndogo. Jioni tunahesabu wawili, tunaandika kwenye daftari, tunasaini wote, na kabla giza halijaingia fedha iko kwa wakala. Inatuchukua dakika ishirini kila siku ambazo zamani nilikuwa nimeshafika nyumbani. Mwezi wa kwanza tulipungukiwa elfu tatu na mia mbili. Nimeiandika kwenye matumizi kama ninavyoandika umeme.

Bibi alikaa nasi wiki tatu. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji, hospitali nyingine, na kabla hatujamweka kwenye foleni nilipiga simu kuuliza kama wanapokea noti. Walipokea. Siku mbili kabla ya kurudi Lushoto, akiwa na kinga ya plastiki juu ya jicho, alikuja dukani akataka madaftari kumi na mawili na kalamu za wajukuu wa kule.

"Mama, chukua tu," nilimwambia. "Duka ni lako."

"Leo nanunua," alisema.

Alilifungua fundo. Nilidhani atasoma, sasa kwa kuwa anaona. Aliilaza noti kiganjani, akausikilizia urefu wake kwanza, kisha akaisogeza kwenye mwanga, akaiangalia kwa jicho jipya, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilipokea. Nilifungua kisanduku, nikamhesabia chenji yake mkononi, noti mbili na sarafu tatu. Alizihesabu tena mwenyewe, akazifunga.